Uzi Ambao Sikuuchemsha

Mama,

Nimekaa kwenye kile kibao chako kirefu hapa karakana. Mlango nimeuacha wazi nipate mwanga. Treni ya mizigo imetoka kupita sasa hivi nyuma ya ukuta, na vumbi la saruji limeshuka kutoka darini kama kawaida yake, likatua juu ya karatasi hii. Nimelipuliza. Nimeshaandika neno "Mama" kwenye karatasi nne, na zote nne nimezikunja nikazitupa. Hii ya tano nitakwenda nayo hadi mwisho.

Nianze na habari za kawaida, maana hukupenda mtu aingie na jambo kubwa kabla hajasalimia. Kaburi lako ni safi, nalipitia kila Ijumaa. Kule Kitgum, ndugu zake Baba walikuombea misa, na sisi huku Namuwongo, Kampala, tukakusomea hitima. Najua ungecheka: mtu mmoja kaombewa kwa Kiarabu na kwa Kiacholi, asipofika peponi atakuwa mkaidi. Mama mdogo Rukia hajambo, magoti tu yanamsumbua. Ila hali tena chakula nilichopika mimi. Utajua sababu.

Bamba la zahanati limeanguka, Mama.

Lilianguka asubuhi, siku ya kliniki ya watoto wachanga, katikati ya mvua za masika. Baraza ile ya zahanati, pale Bwaise, unaikumbuka kwa mikono kuliko kwa macho, maana siku ya ufunguzi ulikuwa huoni tena ila mwanga na giza. Nilikushika mkono tukatembea toka mwanzo hadi mwisho wake, nikakuhesabia mabamba ya zege thelathini na mawili yanayowakinga jua na mvua akina mama waliokaa foleni. Ulisema, "Hii ndiyo kazi yangu ya mwisho, na imekaa vizuri." Mimi nilinyamaza. Ulidhani nimeguswa.

Chini ya bamba la saba upande wa magharibi, upande unaopigwa na mvua, wauguzi walikuwa wameutundika mzani wa kupimia watoto. Sista Akello, yule muuguzi mkuu uliyesema sauti yake ni ya gwaride, ndiye aliyekuwa zamu. Alinieleza mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kambini: "Mimi natoa mtoto ya mwisho kwa mzani, napatia mama yake. Nageuka kuandika kilo. Sisikii kitu, Zena. Hapana ufa, hapana mlio. Nasikia tu puu. Nageuka, mzani hakuna."

Hakuna aliyeumia. Mtoto yule alikuwa na wiki sita. Nimemwona. Mama yake hajui mimi ni nani, akanipa nimpakate.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuhusu mlio? Nilikuwa msichana, ulikuwa umerudi kutoka kwa yule fundi Mkongomani aliyekupa ujuzi huu, na ulikuwa huwezi kuzungumza kitu kingine mezani. Ulisema zege peke yake ni gumu lakini ni pumbavu, likizidiwa linakatika. Ukitia nyuzi za kioo ndani yake linapata akili: unaweza kulifanya jembamba kama kidole, jepesi hata wanawake wawili walibebe, na likizidiwa litalia kwanza. Litatoa mlio, litafanya nyufa ndogo kama nywele, litakupa muda wa kumtoa mtu chini yake. "Lenye uzi mzuri hulia kabla ya kuanguka," ulisema. "Lenye uzi mbaya hunyamaza."

Na ukaniambia kwa nini uzi wa kioo si wote sawa. Saruji ina ukali kama magadi, na ukali ule hula kioo. Uzi wetu ulikuwa na madini ndani yake yanayoukinga. Uzi wa kawaida hauna. Ukiutazama ni mweupe vilevile, unang'aa vilevile, ukiushika unawasha vidole vilevile. "Saruji ina meno, Zena," ulisema, "ila haina haraka."

Ndiyo maana ukawa na ile desturi ya kuchemsha. Kila robota jipya la uzi, hata likija na cheti chenye mihuri mitatu, ulikata kipande, ukakizamisha kwenye kikopo cha maji ya saruji, ukakiweka kikopo juu ya sigiri yenye moto wa kubembeleza, siku nne, maji yasitokote wala yasipoe. Kisha unautoa uzi, unausuuza, unauvuta. Uzi wa kweli unakukata kidole. Uzi wa uongo unabaki unga.

Sasa nakuambia nilichokifanya.

Mwaka ule wa zahanati behewa lenye uzi wetu lilikwama ng'ambo ya ziwa. Nilikwenda bandarini Port Bell wiki tatu mfululizo kutazama meli ya mabehewa ikifunga gati, na kila mara naambiwa mzigo wetu haumo. Kalibu zilikuwa tayari. Mchanga ulishachekechwa. Tarehe ya ufunguzi ilishatangazwa, na wenye zahanati wakaanza kusema huenda wamtafute fundi mwingine. Na wewe, Mama, sukari ilikuwa inakula macho yako. Daktari alikwambia ni miezi. Ulisema unataka kuiona baraza ile kabla pazia halijashuka. Ulisema mara moja tu, ukiwa unachambua mchele, wala hukurudia. Mimi nililala nalo neno lile na kuamka nalo.

Safari ya tatu sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilitembea kando ya ziwa hadi kwa mafundi wanaotengeneza mashua za nyuzi na gundi, chini ya kile kilima cha gereza. Mmoja wao, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, alikuwa na marobota mawili ya uzi wa kioo. Meupe, yanang'aa. Nikamwomba aniuzie. Alinitazama. "Nnyabo, bibi yangu, hii uzi ni ya mashua," akasema. "Maji ya ziwa hapana dhuru. Lakini simenti, mimi sijui."

Alinionya, Mama. Sikuwa na kisingizio hata kimoja. Nikajiambia kioo ni kioo.

Nilipoyashusha karakana ulikuja ukipapasa ukuta. Ulichomoa nyuzi chache ukazisugua baina ya kidole gumba na cha shahada, muda mrefu, kichwa umekiinamisha kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ukauliza, "Behewa limefika?" Nikasema limefika. Baada ya siku tano ukaniuliza, "Umeuchemsha?" Nikasema, "Nimeuchemsha, Mama." Ukaniuliza, "Umekukata kidole?" Nikasema umenikata. Na wewe ukaushika mkono wangu, ukautafuta ule mkato.

Hukuupata. Ulisema, "Ngozi yako imekuwa ngumu sasa. Umekuwa fundi."

Tangu siku ile sijui kama ulijua. Najiuliza nikikoroga saruji, najiuliza nikiwa kwenye swala. Kama ulijua ukaninyamazia, sijui niseme nini. Kama hukujua, basi uliniamini hadi kaburini, na hilo ndilo zito zaidi. Ule mwezi wako wa mwisho hospitalini ulinishika nguo ukaniuliza, "Yale mabamba ya Bwaise, hayajalia?" Nikakujibu hapana, yako kimya kabisa. Ukafumba macho. Nilidhani umetulia.

Baada ya lile la saba kuanguka, wenye zahanati walileta injinia, kijana mwenye adabu, hakupaza sauti. Aliokota kipande chini, akakishika kwa mikono miwili, akakikunja. Kilikatika kama biskuti. Akachungulia ndani ya mkato, akautoa uzi uliobaki, akausugua. Unga. Akauliza, "Nani alitengeneza?" Sista Akello akasema, "Marehemu Bi Saada. Mama ya huyu." Injinia akanigeukia kwa huruma. "Nasikia alikuwa haoni."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka mbele yangu, Mama, na nikaingia. Niliinamisha kichwa tu kukubali. Kwamba ndiyo, ulikuwa huoni.

Sista Akello akanishika bega. "Mimi nasamehe yeye. Macho ni ya Mungu." Walinipa soda. Nilikunywa soda yao, Mama, huku wewe umebeba dhambi yangu.

Jioni ile nilimweleza Mama mdogo Rukia ukweli wote. Alivuta uzi wa leso yake. Kisha akasema, "Maiti haulizwi sanda. Dada yangu hadhuriki tena na maneno ya watu. Wewe una karakana, una wateja. Mwache abebe." Alikuwa ananipenda aliposema vile. Na mimi nikaona ni busara, kwa siku kumi na moja.

Lakini maneno hayakukaa Bwaise. Yalikwenda kwa kila aliyewahi kununua kazi yako. Ikasemwa Bi Saada alikuwa anachanganya zege gizani. Yule mama mwenye nyumba ya wageni aliangusha nguzo zako za baraza. Familia ya Kansanga ikaondoa ule mtungi mkubwa wa maua. Kazi za miaka ishirini, ulizozitengeneza ukiwa na macho mawili mazima, zikaanza kutazamwa kama nyoka aliyelala darini.

Siku ya kumi na moja mafundi walikwenda kuvunja dirisha la madrasa.

Lile la kimia, Mama, zege lenye matundu kama wavu. Lile la nyota na majani ulilolichonga kalibu yake mwezi mzima, ukampa Maalim Idi sadaka kwa ajili ya babu aliyesoma pale. Mtu alinipigia simu nikaenda kwa bodaboda. Nilikuta mafundi wawili juu ya ngazi na nyundo kubwa, Maalim amesimama chini na kanzu yake, mikono nyuma.

Walipiga. Nyundo ilidunda.

Walipiga tena, dirisha likalia. Nakuapia Mama, lililia, mlio mrefu mwembamba kama mlango wa zamani, na nywele za nyufa zikatambaa kutoka nyota hadi nyota, lakini hakikuanguka kipande. Mmoja akasema, "Hii kitu ni nini? Inakataa." Akapiga kwa nguvu zote. Kipande cha ukubwa wa sahani kilivunjika, kikabaki kinaning'inia kwa nyuzi zake, zimekishika kama mama aliyemshika mtoto mkono sokoni. Fundi akashika zile nyuzi ili avute, akapiga ukelele. Zilimkata kidole. Damu ilidondoka kwenye ngazi.

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Acheni! Mama hakukosea. Uzi wa zahanati niliuleta mimi. Aliniuliza nikamdanganya."

Fundi juu akasema, "Ati nini, nnyabo?" Nikarudia. Nikarudia kwa Kiganda ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Maalim Idi alinigeukia. Hakunilaani. Alisema tu, "Na umengoja mpaka tufike hapa?"

Nilikwenda zahanati siku ileile kabla moyo haujabadilika. Sista Akello alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza akaufungua mlango wa ofisi yake. "Mimi nilisamehe mama yako," akasema. "Wewe, bado. Toa ile vitu kwa kichwa ya watu, halafu tutaongea." Nilianza kesho yake. Niliyashusha mabamba yote thelathini na moja yaliyobaki kwa mikono yangu, na mafundi wawili niliowapata. Kumi na tisa yalikatika tukiwa tunalegeza bolti tu. Hakuna lililotoa mlio. Lingeanguka lipi kwanza sijui, wala sipendi kufikiri lingemwangukia nani. Mahali pake nimeweka mabati mabaya, akina mama wanalalamika joto. Wacha walalamike.

Wateja wamekwenda. Mama mdogo Rukia alisema nimemfukua dada yake ili nijisafishe mimi, na tangu hapo hanywi hata chai yangu. Labda kuna ukweli ndani ya hasira yake. Dirisha la madrasa nimelirekebisha, Maalim aliniruhusu, ingawa alisimama mlangoni muda wote nikifanya kazi. Watu wanalisema tena jina lako vizuri. Langu wanalisema kwa sauti ya chini.

Ningetamani barua iishie hapo.

Yule injinia alirudi kuandika ripoti yake. Akaniuliza marobota yalikuwa mangapi. Mawili, nikamwambia. Mmetengeneza mabamba mangapi? Nikafungua mdomo kusema thelathini na mawili, nikakumbuka. Maana tulitengeneza arobaini, Mama. Uzi ulibaki, na hukupenda kitu kibaki. Nikamwambia arobaini. Akauliza, "Hayo manane mengine yako wapi?"

Unamkumbuka yule bwana mnene wa pikapu ya kijani, mwenye Kiswahili cha Kikenya, aliyekusifu hadi ukaona haya? Alisema anajenga maduka na atayaweka juu ya milango. Uliyagusa mabamba manane moja moja kabla hayajapakiwa, ukayapigapiga kama watoto wanaokwenda shule. Hatukuuliza maduka yako wapi. Hatukumwuliza hata jina.

Nimekuwa natembea, Mama. Kila siku baada ya alasiri nafunga karakana nashika barabara moja, naimaliza, kesho naanza nyingine, macho juu. Nimejikwaa kwenye mitaro, nimetukanwa na bodaboda. Ile mistari ya mgongo wa samaki uliyoichora kwenye kalibu hakuna mwingine anayeichora, kwa hiyo nikiliona bamba lako nalijua nikiwa mbali, na moyo unaniruka kama nimekuona wewe umekaa pale juu.

Mawili niliyakuta Luzira juu ya duka la dawa. Mwenye duka alicheka: "Simenti itaanguka vipi?" Nikamwonyesha kipande ninachotembea nacho mkobani, nikakivunja mbele yake. Akaacha kucheka, akaleta ngazi. Mengine mawili yalikuwa juu ya geti la nyumba ya kupanga. Yule bwana wa pikapu, wakaniambia, alishauza majengo yake yote akaenda zake, na maduka mengine alimjengea shemeji yake, mahali hawapajui.

La tano nililikuta wiki iliyopita Bwaise, nyumba chache tu kutoka zahanati ile. Nimelipita labda mara ishirini. Lilikuwa limepakwa rangi ya waridi, ndiyo maana. Saluni. Mwanamke amekaa kwenye kigoda chini yake anasukwa nywele, msusi kasimama nyuma yake, wanacheka jambo. Nikawaambia waondoke pale. Msusi akanipima toka kichwani hadi miguuni. "Mimi napanga tu, zungumza na mwenye nyumba." Nikamwomba basi wasogeze kigoda. Wakakisogeza hatua moja, kunifurahisha, kama mtu anavyomridhisha kichaa.

Nilipanda ngazi mbele yao. Niliweka spana kwenye bolti ya kwanza, sikuwa nimezungusha hata nusu, na bamba likagawanyika mikononi mwangu. Kimya kabisa. Nusu moja niliikumbatia. Nusu nyingine ilitua pale kigoda kilipokuwa mwanzo.

Msusi hakupiga kelele. Aliweka kitana chini, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sasa sikiliza ahadi yangu, ingawa najua ahadi zangu kwako zina thamani gani. Kila robota linaloingia hapa nalichemsha siku nne, na siku ya tano navuta. Vidole vyangu vina mikato, ungevishika sasa ungeipata. Na sitaacha kutembea. Nitauliza kila mwenye pikapu ya kijani, nitamaliza Namuwongo, nitamaliza njia ya Bombo, nikimaliza Kampala nitakwenda Entebbe na Mukono. Msamaha sikuombi kwa barua. Nitauomba tutakapoonana, ukiwa na macho yako.

Lala, Mama. Mungu akupanulie ulipo.

Yamebaki matatu. Mahali fulani katika mji huu watu wamesimama chini yake wakijikinga, maana mvua za vuli zimeanza jana.

Mtoto wako aliyekudanganya,
Zena